Rangi Moja Katika Picha ya Kijivu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Wengi wenu mmeshaiona picha ya aina hii kwenye mabango, kadi za harusi na kurasa za simu. Picha nzima imegeuzwa kijivu, ila kitu kimoja kimeachiwa rangi yake: waridi jekundu mkononi mwa bwana harusi wa kijivu, au kuba la kijani juu ya mji usio na rangi. Katika somo hili nitaiita rangi teule, kwa sababu kazi yenyewe ni kuteua. Kamati yetu ya habari imeulizwa mara nyingi inavyofanywa, nami nimepewa zamu ya kueleza. Sikusomea upigaji picha. Nasoma masomo ya Kiislamu, na simu ninayotumia ni ya kawaida kabisa. Lakini nimekaa na jambo hili likizo nzima, na nimeona mambo ambayo mafunzo mafupi ya kwenye simu hayayasemi.

(Hukumu ya picha yenyewe wanavyuoni wameijadili kwa urefu, na haifai kubanwa katika aya moja ndani ya somo la programu. Hapa nazungumza na wale ambao tayari wanapiga na kuhariri.)

Jambo hili halikuletwa na kompyuta. Mwaka 1925 Sergei Eisenstein alitengeneza filamu ya Battleship Potemkin. Filamu ni ya nyeupe na nyeusi, lakini bendera inayopandishwa melini ilipakwa wekundu kwa mkono, fremu moja baada ya nyingine. Mwaka 1963 Akira Kurosawa wa Japani alitoa High and Low. Humo hamna rangi mpaka moshi wa waridi unapopanda kutoka kwenye bomba, na moshi ule unawaonyesha polisi mahali ulipochomwa mkoba uliobeba pesa za mteka nyara. Kisha mwaka 1993, katika Schindler's List ya Steven Spielberg, mtoto wa kike mwenye koti jekundu anapita katikati ya Wayahudi wanaoswagwa katika ghetto ya Kraków. Baadaye koti lile linaonekana tena, safari hii kati ya maiti.

Katika filamu zote tatu rangi si pambo. Inasema: ni hiki hapa, si kingine.

Sisi tunaosoma tafsiri tumeshakutana na jambo hilo. Katika Surat al-Baqara, Bani Israil waliamrishwa wachinje ng'ombe, nao wakawa wanauliza maswali. Swali la rangi limejibiwa katika aya ya 69, na jibu ni manjano. Wafasiri wanaeleza kwamba mwanzoni ng'ombe yeyote angetosha, lakini kila swali lilipunguza kundi. Rangi ilipotajwa, ng'ombe wengi walitoka kwenye hesabu. Sikutegemea darasa la tafsiri linisaidie kuhariri picha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Rangi inatenga mmoja na kundi lake.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1980 Anne Treisman na Garry Gelade walichapisha utafiti unaoeleza kwamba kitu kikitofautiana na wenzake kwa sifa moja iliyo wazi, kama rangi, jicho hukinasa mara moja, wawe wenzake ni kumi au ni wengi zaidi ya hapo. Mtazamaji hahitaji kutafuta. Nguvu ya rangi teule iko hapo, na tahadhari yake iko hapo hapo, kwa sababu humwachii mtazamaji nafasi ya kuanza kutazama mahali pengine.

Sasa tuingie kazini. Kwanza fanya nakala ya picha yako. Ya asili isiguswe. Baada ya hapo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuteua kwa rangi yenyewe. Programu huipanga kila rangi kwenye duara la nyuzi 360: nyekundu iko kwenye 0, manjano 60, kijani 120, buluu 240. Lightroom ya simu imeligawa duara hilo katika mafungu manane, kuanzia nyekundu, chungwa na manjano hadi buluu na zambarau, na kila fungu lina kitelezi cha ukolevu. Vuta ukolevu wa mafungu saba mpaka -100, uliache moja. Dakika mbili umemaliza.

Tabu ni kwamba programu haivijui vitu, inazijua nyuzi tu. Kwetu Uganda hili linasumbua sana, kwa sababu udongo wetu mwekundu, tofali za kuchoma, mbao na ngozi za watu vyote vimejibana kati ya nyekundu na chungwa. Ukitaka kubakiza kofia nyekundu ya dereva wa boda boda, midomo yake inabaki pia, na nusu ya barabara juu yake.

Kuhusu ngozi kuna jambo lililonikalisha usiku mzima. Ngozi ya mtu mweusi sana na ya mtu mweupe sana ziko karibu mahali pamoja kwenye duara, upande wa chungwa. Zinachotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolevu. Wahariri wa video wana kipimo cha rangi chenye mstari mmoja tu wa ngozi, nao hupimia watu wote kwa mstari huo huo. Aya ya 27 na ya 28 za Surat Faatir zinataja tofauti za rangi katika matunda, milima, watu na wanyama. Niliweka picha za wenzangu wa hosteli, kutoka Arua, Mombasa na Mogadishu, nikavuta kitelezi cha chungwa, na wote wakageuka kijivu kwa pamoja.

Njia ya pili ni kuteua kwa mahali. Snapseed ni programu ya bure. Weka kichujio cha nyeupe na nyeusi, fungua orodha ya marekebisho uliyoyafanya, gusa hatua hiyo, chagua brashi, kisha paka kwa kidole sehemu unazotaka ziwe za kijivu. Mwenye kompyuta atumie GIMP, nayo ni ya bure. Nakili tabaka la picha, ondoa rangi kwenye tabaka la juu, liwekee barakoa nyeupe, kisha upake nyeusi mahali unapotaka rangi ya tabaka la chini ichungulie. Ukipitiliza, paka nyeupe na mambo yanarudi yalivyokuwa. Usitumie kifutio kwenye picha yenyewe, maana ukishahifadhi na kufunga faili kilichofutwa hakirudi.

Mimi huchanganya zote mbili. Naanza na vitelezi, kisha brashi inasafisha mabaki.

Picha niliyoifanyia majaribio niliipiga Ijumaa moja nje ya msikiti wa chuo, watu wakiwa ndani. Ina ngazi tatu za saruji, viatu vingi mno, mlango wa kijani, na udongo mwekundu kwenye ngazi na kwenye soli kwa sababu mvua ilinyesha asubuhi. Hakuna mtu ndani ya picha. Nilitaka kuona picha hiyo moja itasema mambo mangapi.

Nilipoacha kijani, jicho lilivipita viatu vyote likaenda mlangoni. Ilikuwa picha ya kuingia. Jozi mbili za viatu vya kijani zilibaki na rangi, nikazifunika kwa brashi.

Nilipoacha chungwa na nyekundu, mlango ulizama na udongo ukajitokeza. Ghafla picha ikawa ya mvua, ya njia ile ya kutoka hosteli za bondeni, ya watu waliotembea kwenye tope wasiikose khutba. Naipenda kuliko zote, ingawa kwenye kamati sikupata hata mmoja wa kuniunga mkono. Wanasema inaonekana kama picha ambayo haijafuliwa.

Nilipoacha buluu nilitegemea kitu kimoja au viwili. Zikatokea jozi kumi na mbili, karibu zote kandambili, maana kandambili za bei ya chini dukani kwetu ni za buluu. Kila niliyemwonyesha alianza kuzihesabu. Hakuna aliyeutazama msikiti tena.

Jaribio la nne nilitumia brashi peke yake, nikaacha jozi moja tu kati ya zile kumi na mbili, iliyokaa mwisho wa ngazi ya chini. Nilipoikuza picha ili nipake ukingo ndipo nilipoona kwamba ukanda wa kandambili ya kushoto umekatika na kufungwa kwa waya.

Siku zile kamati ilikuwa inatafuta picha ya bango la mfuko wa kusaidiana, ule unaowasaidia wenzetu chakula na nauli muhula unapoelekea mwisho. Mwenzangu mmoja alipoiona alisema, "Hii ndiyo." Na kusema kweli ilikuwa na nguvu. Viatu vyote vya kijivu, kandambili moja ya buluu, na waya. Haikuhitaji hata maandishi.

Lakini chuo chetu si mji mkubwa. Tunajuana kwa viatu. Anayechelewa swala ya alfajiri anajua nani yumo ndani kabla hajafungua mlango, kwa kutazama ngazi tu. Kandambili zile zilikuwa za ndugu yetu wa mwaka wa kwanza, nami nilimjua. Nikamfuata baada ya Isha, bango likiwa bado halijachapishwa.

"Ndugu, hizi si zako?"

Akacheka. "Ni zangu, kaka. Umezipiga lini?"

Nilianza kwa kumwonyesha picha ya asili. Aliifurahia, akawa anatafuta viatu vya wenzake na kuwataja kwa majina. Kisha nikamwonyesha ile ya rangi teule. Akanyamaza kidogo, akanirudishia simu.

"Kwenye ile ya kwanza viatu vyangu vimo safu moja na vya watu," alisema. "Hapa umevitoa safuni."

Sikumwuliza zaidi. Nilimwambia haitatumika, na mbele yake nikaifuta.

Kwenye kikao cha kamati hatukukubaliana, na ni vizuri nieleze hoja zilivyokwenda, kwa kuwa atakayehariri picha za jumuiya atakutana nazo. Hoja ya kwanza ya mwenzangu ilikuwa kwamba picha ni ya kweli: hakuna kilichoongezwa, waya ulikuwapo, buluu ilikuwapo. Hilo ni sahihi. Ila rangi teule haisemi kwa kuongeza, inasema kwa kuondoa. Viatu vya watu wote vilinyamazishwa ili kimoja kiseme, na kilichosemwa ni uhitaji wa mtu ambaye hakuomba usemwe. Tunaposoma kuhusu kumsitiri Mwislamu, mifano yetu mingi ni ya ulimi. Sioni kwa nini brashi iachwe nje.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi. Alisema bango lile lingeleta michango mingi, na michango ile ingewafikia watu kama mwenye kandambili. Kwa nini aibu ya mmoja ambaye jina lake halitajwi izuie chakula cha kumi? Sikumjibu vizuri siku ile, na hata leo jibu langu ni fupi: mfuko wa kusaidiana ni wa watu wanaotaka kubaki safuni. Atakayeona bango lile akiwa na shida atajiuliza kama muhula ujao itakuwa zamu ya viatu vyake, na huenda asije kabisa. Mwenzangu bado anaamini tulipoteza nafasi. Tulitumia picha ya mlango wa kijani, watu wakachanga, na hakuna awezaye kujua ile nyingine ingechangisha kiasi gani.

Tulichokubaliana ni utaratibu. Kama katika picha kuna mtu, au kitu kinachomtambulisha mtu, na rangi inaachwa kwake, anaulizwa kwanza, na anapoulizwa anaonyeshwa picha iliyokwisha kuhaririwa. Kumwonyesha ya asili hakutoshi, kama mlivyoona. Dada aliyekubali kupigwa picha akiwa mmoja kati ya thelathini kwenye semina hajakubali kuwa yeye peke yake mwenye hijabu nyekundu kati ya wenzake ishirini na tisa wa kijivu. Hizo ni ruhusa mbili tofauti.

Turudi kwenye ufundi, kwa sababu kuna kasoro tatu ninazoziona katika karibu kila picha inayoletwa kwetu.

Ya kwanza ni ukingo unaovuja. Faili za JPEG, ambazo ndizo simu nyingi hutoa, huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi kwa kawaida huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Yaani pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwenye picha ya kawaida jicho haligundui. Kwenye rangi teule utaona buluu imemwagika kidogo nje ya kandambili ikaingia kwenye saruji ya kijivu. Dawa ni kusogeza ukingo wa barakoa ndani kidogo na kutumia brashi laini, ili rangi ififie badala ya kukatika kwa kisu. Na usifanyie kazi picha iliyopita WhatsApp kama picha, kwani hapo imebanwa mara ya pili. Mwambie mwenye picha aitume kama hati.

Ya pili ni rangi inayoakisiwa. Kofia nyekundu hutia wekundu kwenye paji la uso. Kanzu nyeupe hubeba rangi ya kila kilicho jirani nayo: mkeka, nyasi, ukuta. Ukiacha kofia na kuua wekundu wote wa paji, kofia inaonekana kama imekatwa gazetini ikabandikwa. Punguza nguvu ya brashi mpaka kama asilimia 25, upake mahali pale pa mwakisiko. Kidogo tu. Watu hawatajua umefanya nini, ila hawatasema picha ni ya uongo.

Ya tatu ni kijivu chenyewe, nayo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Watu wanashughulika na rangi moja waliyoiacha na kusahau kwamba sehemu kubwa ya picha sasa ni kijivu. Kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Programu ikichukua wastani wa kawaida wa hizo tatu, nyekundu kamili inakuwa 85, kijani kamili 85, na buluu kamili 85. Maandishi mekundu kwenye ukuta wa kijani yanapotea yasionekane tena. Jicho la binadamu halioni hivyo: kijani kwetu kinang'aa kuliko nyekundu, na nyekundu kuliko buluu. Kwa hiyo kuna fomyula inayopima nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na buluu kwa 0.114. Kwa fomyula hiyo nyekundu inakuwa 76, kijani 150, buluu 29, na maandishi yanasomeka. GIMP inakupa njia kadhaa za kuondoa rangi katika orodha moja. Zijaribu zote kwenye picha yako kabla ya kuchagua; tofauti katika nyuso za watu inaweza kukushangaza.

Kabla hujahifadhi, fanya jaribio moja la mwisho. Geuza picha yote kijivu kwa muda, hata kile ulichokiteua. Kikipotea kabisa ndani ya wenzake, ujue kinasimama kwa rangi peke yake, na wapo wasomaji ambao hawataiona rangi hiyo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Kwingine idadi huwa ndogo zaidi, lakini wapo, na huenda mmoja anasoma toleo hili. Ongeza mwangaza wa kitu hicho kidogo, au punguza wa jirani zake, kisha urudishe rangi.

Anayeanza asianze na watu. Aende sokoni, amwombe mwenye genge ruhusa, apige fungu la matoke juu ya gunia. Kijani cha matoke kiko mbali na udongo na ngozi kwenye duara, kwa hiyo vitelezi peke yake vinatosha, na brashi itafanya kazi kidogo kwenye majani ya nyuma. Akizoea ndipo ahamie nyanya. Nyanya zitamfundisha subira, kwa sababu ya mikono ya muuzaji.

Picha za toleo lijalo tutazipokea mpaka wiki ya pili ya muhula. Leta mbili: ya asili na iliyohaririwa, zote kwa ukubwa kamili. Nyuma ya fomu andika ulichokiteua, programu uliyotumia, na kama kuna mwenye nacho, andika kwamba ameiona.

Wabillahi tawfiq.